Namna ya kuunda modeli ya mnara wa tanki la maji kwa mbinu ya elementi, na namna ya kulipima jibu la kompyuta

Mnara wa chuma unaobeba tanki la lita 5,000 ni muundo unaojulikana katika karibu kila mtaa wenye maji ya mgao: miguu minne ya bomba la mraba, boriti mbili juu yake, jukwaa la kukalia tanki, na vyuma vya mshazari vinavyofunga miguu, ikiwa fundi hakuviacha ili kupunguza gharama. Nimeuchagua uwe mfano wa mwongozo huu kwa sababu ni mdogo kiasi cha kukokotolewa kwa kalamu, na bado ndani yake mna takriban kila jambo linalomsumbua mhandisi anayetumia kompyuta kutabiri tabia ya muundo: maegemeo yasiyo bayana, viungo vya kuchomelea, nguzo nyembamba zinazoweza kujikunja, na mzigo unaopanda na kushuka kila siku.

Kompyuta hujibu swali lililoandikwa ndani ya modeli, na swali hilo mara nyingi hutofautiana na lile lililo kichwani mwa aliyeiandika. Kwa hiyo maelezo yanayofuata hayatakaa sana kwenye vitufe vya programu. Yatakaa zaidi kwenye kazi inayofanywa kabla ya kuiendesha na baada ya kupata jibu, kwa kuwa hapo ndipo makosa makubwa huzaliwa na ndipo yanapoweza kukamatwa.

Anza na kalamu

Kabla ya kufungua programu yoyote, kokotoa boriti moja kwa mkono. Tuseme boriti ni za aina ya IPE 160, yaani chuma chenye mkato wa umbo la I na kimo cha milimita 160, kila moja ina urefu wa mita 2 kati ya maegemeo, na kila moja inabeba nusu ya tanki. Lita 5,000 za maji zina uzito wa takriban kilonewtoni 49, kwa hiyo boriti moja inapata kilonewtoni 24.5, sawa na newtoni 12.26 kwa kila milimita ya urefu. Boriti yenyewe ina kilo 15.8 kwa mita, nayo inaongeza newtoni 0.155 kwa milimita. Jumla ni takriban newtoni 12.4 kwa milimita. Uzito wa tanki tupu na jukwaa ni mdogo, tuuache kwa sasa, ingawa lazima uingie katika hesabu ya mwisho pamoja na vigawe vya usalama vinavyodaiwa na kanuni za ujenzi za nchi husika.

Ikiwa ncha zote mbili zimeegemezwa tu bila kukazwa, momenti ya mpindo, yaani kipimo cha jinsi mzigo unavyoipinda boriti, katikati ni mzigo mara mraba wa urefu, gawanya kwa 8, yaani kilonewtoni-mita 6.2. Majedwali ya watengenezaji yanaipa IPE 160 moduli ya mkato (kipimo cha jinsi umbo linavyohimili mpindo) ya sentimita za ujazo 109, kwa hiyo mkazo mkubwa kabisa, yaani kani kwa kila eneo la chuma, ni takriban megapaskali 57. Kwa momenti ya pili ya eneo, ambayo hupima ugumu unaotokana na umbo, ya 869 katika sentimita za nguvu ya nne, na moduli ya unyumbufu, ambayo hupima ugumu wa chuma chenyewe, ya megapaskali 210,000, boriti itashuka katikati kwa takriban milimita 1.4.

Sasa kokotoa tena ukichukulia kwamba ncha zote zimekazwa kabisa zisiweze kuzunguka. Mshuko unapungua hadi moja ya tano, yaani takriban milimita 0.28, na momenti kubwa zaidi inahama kutoka katikati hadi kwenye ncha, ambako inakuwa kilonewtoni-mita 4.1. Boriti ni ileile, maji ni yaleyale, chuma ni kilekile. Kilichobadilika ni dhana yako kuhusu kile ambacho mchomeleaji amekifanya kwenye kiungo, nacho kimebadilisha jibu mara tano. Weka namba hizi mbili kwenye karatasi kando ya kompyuta. Modeli yako ikitoa mshuko ulio nje kabisa ya mpaka huu, tafuta kosa kabla ya kutafuta maelezo.

Mbinu yenyewe inafanya nini

Mbinu ya elementi hukigawa kitu kizima katika vipande vidogo vyenye umbo rahisi, navyo huitwa elementi. Hushikana kwenye pointi zinazoitwa nodi, na mpangilio wao wote ndio wavu. Ndani ya kila elementi tunakisia kwamba mwendo unabadilika kwa namna rahisi kutoka nodi moja hadi nyingine, kisha tunauliza elementi hiyo ni ngumu kiasi gani. Fito ya chuma yenye mita 1 na eneo la milimita za mraba 2,010, kwa mfano, ni sawa na springi inayohitaji takriban newtoni 422,000 ili ivutike milimita 1. Programu hukusanya ugumu wa elementi zote katika jedwali moja kubwa la milinganyo, huweka mizigo upande mmoja na miendo isiyojulikana upande wa pili, kisha hutatua. Mkazo huja mwishoni, ukikokotolewa kutokana na tofauti za miendo. Ndiyo maana mwendo huwa sahihi mapema, wavu ukiwa bado mpana, ilhali mkazo hudai wavu ulio laini zaidi.

Mbinu hii ilipata nguvu katika viwanda vya ndege: makala ya Turner, Clough, Martin na Topp ya mwaka 1956 ilihusu ugumu wa miundo ya ndege, na Clough ndiye aliyeipa jina lake mwaka 1960. Leo haihitaji leseni ya gharama. CalculiX, programu ya kutatua modeli iliyoandikwa na Guido Dhondt na Klaus Wittig, inapatikana bure, na FreeCAD, programu ya kuchora ambayo nayo ni ya bure, inaweza kuitumia kutatua modeli uliyoichora humohumo. Kompyuta mpakato ya kawaida inatosha kwa mnara wetu.

Vizio, kosa la kwanza la kila mtu

Programu nyingi za aina hii hazijui vizio. Hupokea namba tu, nawe ndiwe unayepaswa kuhakikisha kwamba zinapatana. Ukichora kwa milimita na kutumia newtoni, mkazo utatoka kwa megapaskali, jambo ambalo ni zuri, lakini tungamo sasa lazima lipimwe kwa tani. Msongamano wa chuma unakuwa 7.85 mara 10 kwa nguvu ya hasi 9, na mchapuko wa uvutano unakuwa 9,810. Katika modeli yangu ya kwanza ya jukwaa niliandika 7,850 kama nilivyozoea kuiona vitabuni, na nilipoendesha hesabu muundo ulizama chini ya skrini kana kwamba umetengenezwa kwa kitu kizito mara trilioni moja kuliko chuma, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa nimeandika. Kosa kubwa namna hiyo hujionyesha lenyewe. Linalotisha ni dogo, kama kutumia 9.81 mahali pa 9,810, ambapo uzito wa boriti hutoweka kimyakimya na picha inabaki nzuri.

Dawa yake ni ya dakika moja. Baada ya kila hesabu, soma jumla ya kani za maegemeo. Kwa boriti moja ya mfano wetu lazima ziwe takriban kilonewtoni 24.8, nusu kila upande. Zikikosekana, usiangalie rangi za mkazo kabisa. Hazina maana bado.

Kuchagua elementi

Kwa mnara mzima, tumia elementi za fito na boriti. Kila mguu na kila boriti ni mstari wenye sifa za mkato wake, modeli nzima ina nodi chache, na jibu linatoka papo hapo. Kwa kuchunguza kiungo kimoja, tumia elementi za bamba, ambazo huchukua uso wa katikati wa chuma na kupewa unene kama namba. Elementi za ujazo kamili ziachie sehemu nene zisizo na umbo la bamba wala la fito. Anayeanza huvutiwa kuchora mnara wote kwa ujazo kwa kuwa unafanana na kitu halisi, kisha hujikuta na mabomba yenye kuta za milimita 3 yanayohitaji elementi mamia ya maelfu, na jibu lililo baya zaidi ya lile la mistari 12.

Umbo la elementi lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Pembetatu yenye nodi tatu haiwezi kubeba mkazo unaobadilika ndani yake: mkazo wake ni mmoja tu kuanzia ukingo hadi ukingo. Boriti inayopinda, hata hivyo, ina mvutano chini, mgandamizo juu, na badiliko la mfululizo katikati. Ukiijaza kwa pembetatu hizo chache, itaonekana ngumu kuliko ilivyo, na mshuko utakuwa mdogo mno, kosa linaloelemea upande wa hatari. Piramidi yenye nodi nne ina ugonjwa uleule, na mchemraba wenye nodi nane, ukikokotolewa kikamilifu, nao hukakamaa unapopindwa. Toleo lake la kukokotolewa kwa pointi moja haliko hivyo, lakini linaweza kujikunja kwa mtindo wa zigizaga bila kupata mkazo wowote, kwa hiyo angalia umbo lililopindika kabla ya kuliamini. Ushauri wangu kwa asiye na sababu maalumu ni kuchagua elementi za daraja la pili, zenye nodi katikati ya kila ukingo, na kuweka angalau mbili kupitia unene wa sehemu inayopinda.

Ukiunda boriti yetu kwa elementi za bamba na kuiegemeza ncha zote mbili, usishangae ukipata mshuko wa takriban milimita 1.5 badala ya 1.4. Kanuni ya kalamu ilipuuza mwendo unaotokana na kani za mkato, zile zinazotelezesha sehemu moja ya chuma dhidi ya nyingine, katika ubavu wa boriti, nao kwa boriti fupi namna hii ni karibu milimita 0.1. Tofauti hiyo ina sababu, na unaweza kuikokotoa. Mhandisi anayejua kwa nini majibu mawili yanatofautiana kwa asilimia 7 ana hali bora kuliko yule ambaye majibu yake yalilingana kwa bahati.

Wavu, na wakati wa kuacha kuupunguza

Fanya zoezi hili mara moja maishani na hutalisahau. Chora bamba lenye upana wa milimita 200 lenye tundu la milimita 20 katikati, livute pande mbili, na usome mkazo kwenye ukingo wa tundu. Ernst Gustav Kirsch alionyesha mwaka 1898 kwamba katika bamba pana sana mkazo huo ni mara 3 ya ule wa mbali na tundu, na kwa vipimo hivi jibu liko karibu sana na 3. Anza na elementi kubwa, na huenda ukapata 2 na kitu. Zipunguze kwa nusu kuzunguka tundu, kisha kwa nusu tena. Namba itapanda kwa hatua zinazozidi kuwa fupi hadi itulie. Ikitulia, wavu unatosha.

Sasa chora umbo la herufi L lenye pembe kali ya ndani isiyo na mviringo, ulivute, na upunguze wavu kwa namna ileile. Mkazo kwenye pembe utapanda, upande tena, na usitulie kamwe. Programu haina hitilafu: katika nadharia ya unyumbufu mkazo wa hapo hauna kikomo, nawe umeiomba namba isiyokuwepo. Pembe za namna hii ziko kila mahali kwenye mnara wetu, kila boriti inapokutana na mguu. Ama chora mviringo halisi uliopo, ama kwa kiungo kilichochomelewa soma mkazo mbali kidogo na mshono. Utaratibu uliozoeleka kwa uchovu wa chuma, yaani kuchoka kwake kwa mizigo inayojirudia, ni kuusoma kwa umbali wa 0.4 na 1.0 ya unene wa bamba, kuzidisha wa kwanza kwa 1.67, kisha kutoa wa pili uliozidishwa kwa 0.67. Kinachopatikana ni makadirio ya mkazo kwenye ukingo wa mshono yasiyoburuzwa na ukubwa wa elementi moja iliyo pembeni.

Anayedhani kwamba mambo ya wavu ni ya darasani tu na akumbuke Sleipner A. Tarehe 23 Agosti 1991, msingi wa zege wa jukwaa hilo la gesi la Norwei ulikuwa ukishushwa majini kwa majaribio katika ghuba karibu na Stavanger, ulipopasuka ukuta wa mojawapo ya seli zake na kuzama wote. Hakuna aliyekufa, lakini hasara ilikadiriwa kufikia dola milioni 700. Uchunguzi ulikuta kwamba modeli ya elementi ilikuwa na wavu mpana wenye vipande vilivyopotoka mahali kuta tatu zinapokutana, na kani za mkato zilikadiriwa pungufu kwa takriban asilimia 47, hivyo kuta zikawa nyembamba mno na nondo hazikuwekwa vya kutosha. Hesabu ya kawaida ya kalamu kwenye ukuta mmoja, ukichukuliwa kama boriti yenye shinikizo la maji, ingeibua shaka kabla zege halijamwagwa.

Miguu inayojikunja

Mkazo mdogo hauthibitishi usalama wa nguzo nyembamba. Mguu wa mnara wetu unabeba takriban kilonewtoni 12.4. Ukiwa bomba la mraba la milimita 60 lenye ukuta wa milimita 3 na urefu wa mita 3, mkazo wake wa mgandamizo hauzidi megapaskali 20, yaani si kitu kwa chuma kinachostahimili 235. Lakini kanuni ya Euler inasema kwamba mguu huo, ukishikwa juu na chini usiende pembeni, hujikunja kwenye takriban kilonewtoni 83. Na ukikazwa chini huku juu ukiwa huru kuyumba, kikomo hushuka hadi robo, takriban kilonewtoni 21. Vyuma vya mshazari ndivyo vinavyoamua mguu uko karibu na hali ipi. Anayeviondoa kwa kuona havibebi mzigo amepunguza akiba kutoka zaidi ya mara 6 hadi chini ya mara 2, na hapo upepo haujavuma.

Katika programu, omba hesabu ya mikunjo kwa mzigo wa tanki lililojaa, na utazame maumbo matatu au manne ya kwanza. Kumbuka kwamba namba inayotoka ni ya muundo ulionyooka kikamilifu. Miguu halisi imepinda kidogo tangu kiwandani na imechomelewa nje ya mhimili, kwa hiyo kikomo cha kweli kiko chini. Njia ya uangalifu ni kuchukua umbo la kwanza la mkunjo, kuliingiza kwenye modeli kama kasoro ndogo, kisha kuendesha hesabu inayofuata mwendo mkubwa hatua kwa hatua. Endesha pia hali ya tanki tupu lenye upepo wa kando: hapo hakuna uzito wa kuushikilia mnara chini, na bolti za msingi hupata mvutano ambao tanki lililojaa huuficha.

Tabia ya malighafi

Kwa chuma kinachobaki ndani ya unyumbufu, namba mbili zinatosha: moduli ya 210,000 na uwiano wa Poisson (kiasi chuma kinavyosinyaa pembeni kinapovutwa) wa 0.3. Ukihitaji kuvuka hapo, programu itadai mchoro wa mkazo na mvutiko (kurefuka kwa kila kipimo cha urefu wa awali) baada ya chuma kulegea, na mara nyingi inadai thamani za kweli, si zile za maabara zilizogawanywa kwa eneo la awali. Kwa mkazo wa kweli, zidisha mkazo wa maabara kwa 1 kujumlisha mvutiko, na kwa mvutiko wa kweli, chukua logi asilia ya 1 kujumlisha mvutiko; kanuni hizi ni halali hadi sampuli inapoanza kunyong'onyea shingoni, basi.

Zege lina ugumu wa aina nyingine. Nguvu yake ya mvutano ni karibu moja ya kumi ya ile ya mgandamizo, na likishapasuka uwezo wake hushuka kadiri ufa unavyofunguka. Ukiandika mshuko huo kama uhusiano wa mkazo na mvutiko pekee, nishati ya kupasua msingi itapungua kila unapopunguza elementi, na modeli laini zaidi itavunjika mapema zaidi bila kikomo. Bažant na Oh walitoa suluhisho mwaka 1983: funga mvutiko wa kupasuka na upana wa elementi ili nishati inayotumika kwa kila eneo la ufa ibaki ileile. Kabla ya kutumia modeli yoyote ya zege, hakikisha programu yako inafanya hivyo na kwamba umeipa nishati ya ufa, siyo mvutiko wa mwisho tu. Mbao, ikiwa ndizo za jukwaa, zina moduli moja kwa urefu wa nyuzi na nyingine ndogo mara nyingi kwa upana wake, kwa hiyo mwelekeo wa nyuzi ni sehemu ya data.

Kurudi kwenye mnara

Modeli ikishakubaliana na kalamu, bado swali la ncha za boriti halijajibiwa, nalo halijibiki ofisini. Funga geji ya mshale, kipimaji cha miendo midogo, chini ya katikati ya boriti, na nyingine mbili kwenye ncha zake, zote zikiwa juu ya stendi iliyosimama ardhini mbali na misingi. Jaza tanki robo baada ya robo, ukisubiri dakika chache kila mara, na uandike masomo matatu. Toa wastani wa mshuko wa ncha kutoka kwenye mshuko wa katikati, kwa kuwa miguu na ardhi navyo vinashuka. Ukipata karibu milimita 1.5 tanki likiwa limejaa, viungo vinazunguka kana kwamba vimeegemezwa tu. Ukipata karibu 0.4, ambayo ni mshuko wa ncha zilizokazwa pamoja na ule wa mkato, kiungo kimeshika kweli na momenti inaingia kwenye miguu. Nimezoea kuona namba zilizo katikati ya hizo. Weka springi ya kuzunguka kwenye kila ncha ya modeli, rekebisha ugumu wake hadi mshuko ulingane na geji katika robo zote nne, kisha rudia hesabu ya miguu kwa springi hiyo, kwa kuwa momenti ambayo boriti imeepushwa nayo sasa ni mzigo wa nguzo.